Mama kaogopa gari lisilo na dereva, nimwelezeje?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi nakaa Slough, Uingereza. Mama yangu alitoka Tanga kuja kututembelea, siku ya kumsindikiza tukapaki kwenye yale maegesho ya uwanja wa ndege wa Heathrow ambayo ukishaacha gari unapanda vile vigari vidogo vya umeme hadi Terminal 5. Mlango ukajifungua wenyewe, mama akachungulia ndani, "dereva yuko wapi?" Nilipomwambia hamna dereva akarudi nyuma na mkoba wake kaukumbatia. Alipanda mwishoni lakini alinishika mkono njia nzima. Mwakani anakuja tena na mimi mwenyewe sijui nimwambie nini, vikikutana viwili njia panda inakuaje? Na chaji ikiisha katikati je?

JIBU: Dada yangu, mpe mama pole na wala msimcheke huko nyumbani, maana kauliza swali la msingi kabisa. Mtu kazoea maisha yote kumwangalia dereva usoni kabla hajapanda, leo unamwambia kiti cha dereva hakipo, lazima ashtuke.

Anza na lifti. Lifti haina dereva, unabonyeza namba inakupeleka, na watu hawaiogopi sababu ina njia yake moja tu na hamna mwingine anayeingia humo. Podi ya Heathrow, ndo hicho kigari mlichopanda, ni lifti iliyolazwa. Ile njia ya zege mliyopita, kama kilomita 3.8 hivi, ni ya podi peke yake, haikatizi lori wala mtu wa miguu, na ndo maana ilianza kubeba abiria tangu 2011 wakati magari ya kujiendesha barabarani kwenye watu bado yalikuwa ya majaribio. Kazi ngumu ya dereva ni kukisia mwenzake atafanya nini, pale hamna cha kukisia. Kigari kinapima kwa leza umbali wa kingo za pembeni muda wote, kinakaa katikati, na mwendo wake mwisho ni kilomita 40 kwa saa.

Njia panda sasa. Kabla podi haijatoka kituoni kompyuta kuu inakuwa ishaipangia safari nzima, saa ngapi iwe wapi, na kama nafasi haijapatikana hairuhusiwi kuondoka, inasubiri palepale. Kwa hiyo hazifiki mbili sehemu moja zikaanza kugombea nani apite. Halafu juu ya hapo kuna mfumo wa usalama unaojitegemea wa kuisimamisha, na wapo watu chumba cha udhibiti wanaoona kwenye kamera na mnaweza kuongea nao mkiwa ndani, hilo mwambie mama kabisa maana naona litamtuliza kuliko mambo ya leza.

Chaji isiwape presha. Safari yenyewe ni dakika tano hivi, na podi ikiwa imekaa kituoni inasubiri abiria ndo inachajiwa.

Mi kinachonifurahisha pale ni kusubiri. Podi zipo 21, na mara nyingi zenyewe ndo zinakusubiri wewe. Basi la maegesho lilikuwa linazunguka hata likiwa tupu na wewe unalisubiria kwenye baridi na masanduku, podi inatoka ukishapanda, hata uwe peke yako usiku, na haisimami njiani kuchukua mwingine. Kwa mama mwenye magoti yanayomsumbua hiyo ni heshima kubwa.

Mwakani muache abonyeze mwenyewe: skrini ya nje, anakaa, kitufe cha kufunga mlango, kitufe cha kuondoka. Ila mwambie mapema kwamba podi inaanza kwa kurudi rivasi kutoka pale ilipopaki, ndo igeuke na kwenda mbele, asije akadhani imeharibika.

SWALI: Nafanya kazi Abu Dhabi. Podi za Masdar City, ule mji mpya wa huku, nimezipanda, zinatoka maegesho zinaishia kituo cha pili, basi. Mbona tuliambiwa zitazunguka mji mzima?

JIBU: Ni kweli kaka, mpango ulikuwa mji wote uinuliwe juu ya sakafu, watu watembee juu na podi zipite chini kwa kufuata sumaku zilizozikwa njiani. Zilianza kazi 2010, lakini kuuinua mji mzima namna ile ni gharama kubwa mno, na magari ya umeme ya kawaida nayo yakaanza kupatikana, wakapunguza mpango. Inaniuma, maana kilichoshindikana ni bei ya sakafu, podi zenyewe zilitembea vizuri. Kule Morgantown, Marekani, walijenga njia ya kujitegemea yenye vituo vitano, na wanafunzi wa chuo kikuu walianza kupanda vigari visivyo na dereva kwenda darasani tangu 1975.