Barua kwa mwanangu: wodi na utafiti

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako kutoka Iringa nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba mafunzo kwa vitendo yanakwenda vizuri, ingawa zamu za usiku zinakuchosha. Umeniuliza kama inafaa usomee ubingwa wa magonjwa ya kuambukiza kama mimi, kisha ukaongeza swali ambalo naona ndilo hasa linalokukera: kwa nini daktari ahangaike na madodoso na sampuli za utafiti ilhali foleni ya wagonjwa imefika mlangoni? Nitaanza na hilo la pili.

Daktari wa fani yetu hana kiungo chake. Bingwa wa moyo ana moyo, wa figo ana figo. Sisi tunaitwa popote palipo na homa isiyoeleweka, na chombo chetu cha kwanza ni maswali: mgonjwa analala wapi, amesafiri wapi, anafuga nini, anakunywa maziwa mabichi au ya kuchemsha, na amekwisha kumeza dawa gani za dukani kabla ya kuja kwetu. Hilo la mwisho wengi hulificha, na mara nyingi ndilo linalofanya maabara ioteshe vimelea na isione kitu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulikuta kiwango cha VVU kwa watu wazima kuwa 12.7% Njombe, 11.1% Iringa na 9.6% Mbeya, wakati kwa nchi nzima kilikuwa 4.4%. Kwa hiyo huku kwetu maumivu ya kichwa ya wiki mbili si ya kupewa panadol na kurudishwa nyumbani kabla hujajua hali ya VVU ya mgonjwa, kwa sababu huenda ni fangasi aliyeingia kwenye utando wa ubongo, na huyo huua haraka akicheleweshewa tiba.

Hayo yote ni ya wodini, na yanatosha kumshughulisha mtu maisha yake yote. Lakini wodi ina upofu wake. Chukua Kyela, ambako matende na mabusha yalihesabiwa kwa muda mrefu kuwa ugonjwa wa ulemavu na aibu, usiohusiana na UKIMWI. Watafiti wa kituo cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) hapa Mbeya na wenzao wa Chuo Kikuu cha Munich waliwafuatilia wakazi kwa miaka kadhaa, wakaipima damu yao kutafuta minyoo ya matende, na mwaka 2016 wakachapisha katika jarida la Lancet kwamba wenye minyoo hiyo walipata maambukizi mapya ya VVU kwa kiwango cha takriban mara mbili ya wasio nayo, hata baada ya kuzingatia umri na mwenendo wa kujamiiana. Inadhaniwa kwamba minyoo hiyo, inayoishi miaka mingi katika mishipa ya limfu, huzichochea seli zilezile za kinga ambazo virusi huzitafuta. Hakuna daktari ambaye angeliona hilo kwenye raundi, awe hodari namna gani, kwa kuwa wodini humwona aliyekwisha kuambukizwa. Jirani yake aliyebaki salama haji hospitali.

Vivyo hivyo wodi haikuonyeshi yale ambayo yangetokea kwa dozi nyingine. Dozi ya rifampisini, dawa ya kifua kikuu, tunayoandika, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, ilichaguliwa zamani kwa sehemu kwa sababu dawa ilikuwa ghali na madhara yake yaliogopwa. Jaribio lililochapishwa 2017, lenye wagonjwa 365 wa Tanzania na Afrika Kusini, wakiwamo wa Mbeya, lilipandisha dozi hadi miligramu 35 kwa kilo, na muda wa kati wa makohozi kusafika, yaani kutoonekana tena vimelea vya kifua kikuu yakioteshwa maabara, ukashuka kutoka siku 62 hadi 48. Usishangilie haraka, maana kusafika kwa makohozi si kupona, na dozi ya kawaida bado ni ileile.

Malalamiko yako juu ya foleni, hata hivyo, siyapuuzi. Utafiti unaochukua damu kijijini na usirudi kueleza ulichokiona siupendi, na ridhaa ya bibi anayesikia Kinyakyusa tu, iliyosomwa kwa Kiswahili cha ofisini, mimi siiiti ridhaa.

Kuhusu njia yenyewe: utahitaji shahada ya uzamili ya magonjwa ya ndani, miaka 3, ndipo ubobee. Kipato cha nje ya hospitali hakitalingana na cha wapasuaji, na ajira nyingi za utafiti hufa ufadhili unapokwisha, kwa hiyo usiache nafasi ya wodini kwa ajili ya mkataba wa mradi.

Ukija likizo, njoo na maswali mawili matatu ya wagonjwa wako ambayo mwongozo haukuyajibu. Tutaangalia kama kuna linalopimika, na likiwapo tutaliandikia andiko la kupeleka kwenye kamati ya maadili. Baba yako anakusalimu.

Mama yako