Kusafisha rekodi za umeme wa ubongo zilizochukuliwa ndani ya mashine ya MRI

Mwalimu mwenzangu wa Mtwara, umeeleza kuwa rekodi za umeme wa ubongo ulizotumiwa, zilizochukuliwa mtu akiwa ndani ya mashine ya MRI (inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku yenye nguvu), bado zina kelele hata baada ya kuchujwa. Kelele inayotokana na upigaji wa picha hujirudia kwa umbo lilelile, kwa hiyo hukadiriwa kwa wastani wa mizunguko mingi ya upigaji picha na kuondolewa kwenye rekodi, njia ambayo mtafiti Allen na wenzake waliichapisha mwaka 2000. Lakini wastani huo huharibika iwapo saa ya kinasa umeme haikuoanishwa na saa ya mashine, nami ningewauliza waliorekodi jambo hilo kabla ya lolote.

Kelele ya mapigo ya moyo ni ngumu zaidi, kwa kuwa kila pigo hutikisa kichwa na elektrodi (vinasa umeme vilivyobandikwa kichwani) ndani ya sumaku kwa namna inayotofautiana kidogo, nayo huingiliana na masafa ya mawimbi ya alfa unayoyatafuta, yaani mawimbi ya ubongo yanayoonekana zaidi mtu akifumba macho. Hakiki kwa macho alama zinazoonyesha kila pigo la moyo kwenye rekodi, kisha utoe wastani unaosogea, yaani wa mapigo ya jirani tu, si wastani mmoja wa rekodi nzima. Nakusihi usichuje kupita kiasi: ikiwa alfa ya mtu aliyefumba macho ilionekana nje ya mashine na sasa imetoweka, rudi hatua moja nyuma. Faili likikushinda, nitumie hapa Lindi tulitazame pamoja.