Kwa Msakaji Mpya wa Makasha Jijini Nairobi: Kufumbua Herufi kwa Penseli na Karatasi

Ukishazoea kusaka makasha ya kawaida kwa GPS (mchezo wa geocaching, ambapo watu huficha vikasha na wengine huvitafuta kwa kufuata namba za mahali), hutakawia kukutana na makasha ya mafumbo, ambayo alama yake kwenye ramani ni ya kukupotezea njia tu. Mahali halisi huwa pamefichwa ndani ya maandishi yasiyosomeka, na kwa desturi ya mchezo huu pako si zaidi ya kilomita 3 hivi kutoka kwenye alama hiyo. Fumbo linalowasumbua wageni kuliko yote, ilhali ni miongoni mwa mepesi, ni lile ambalo kila herufi imebadilishwa kwa herufi nyingine moja, bila kugeuka, kuanzia mwanzo hadi mwisho wa ujumbe. Nakushauri ulifumbue nyumbani, kabla hujalipa ada ya kuingia Msitu wa Karura na kabla askari wa lango hajaanza kujiuliza kwa nini umesimama kando ya ua ukiandika herufi.

Swali la kwanza ni lugha. Miongozo mingi imeandikwa kwa ajili ya Kiingereza, na humwelekeza mgeni ahesabu herufi, kisha aichukulie ile inayojitokeza zaidi kuwa E na inayofuata kuwa T. Njia ya kuhesabu ni ya zamani na ya kuheshimika, kwa maana al-Kindi aliieleza huko Baghdad katika karne ya 9, lakini inahitaji maandishi marefu. Mafumbo yetu mara nyingi yana herufi hamsini au sitini tu, na katika urefu huo hesabu hudanganya. Isitoshe, Nairobi mfichaji anaweza kuandika kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na katika Kiswahili herufi inayotawala ni A, huku I, N na U zikifuata kwa mbali. Kwa hiyo tazama umbo la maneno kabla ya kuhesabu chochote. Ukiona herufi moja imesimama peke yake kama neno, au herufi mbili zinazofanana katikati ya maneno mengi, yaelekea ni Kiingereza. Ukiona maneno yote yanaishia kwa herufi zilezile nne au tano, hicho ni Kiswahili, na kazi yako imepungua nusu, kwa sababu umekwisha kuzitambua irabu.

Chukua mfano huu, nilioutunga kwa ajili ya somo hili tu, wala usiende kuchakura kichaka chochote kwa sababu yake:

FTRDKD NDBQDD JLEM NMFDFM FTJD KM KKG KTFSM RDSM RMZM SMST

Unakili kwa herufi kubwa kwenye daftari la hesabu lenye miraba, ukiruka mstari mmoja, ili herufi unazokisia uziandike chini yake kwa penseli na kwa herufi ndogo. Usiandike makisio kwa kalamu ya wino, kwani utayafuta mengi.

Sasa tazama miisho. Maneno kumi na moja yanaishia kwa herufi nne tu, M, D, G na T, na M peke yake inafunga maneno sita. Bila kukisia neno hata moja, unaweza kuandika kwamba hizo ni irabu na kwamba M ni A. Kisha tafuta kisichokuwa cha kawaida. KKG inaanza kwa konsonanti iliyojirudia, jambo linalotokea mara chache katika Kiswahili, kama katika mmoja, mmea na nne. Neno la herufi tatu la namna hiyo, katika ujumbe unaotarajiwa kuwa na namba, ni nne. Kwa hiyo K ni N na G ni E, na mara moja KM inasomeka na, jambo linalothibitisha kwamba ile A haikuwa ya kubahatisha.

Hapa ndipo mgeni wa Nairobi ana faida ambayo huenda haifahamu. Ujumbe wa kasha karibu kila mara hutaja latitudo na longitudo, na jiji letu liko kusini kidogo mwa ikweta, ambapo katikati ya mji ni takriban digrii 1 na dakika 17 kusini, digrii 36 na dakika 49 mashariki. Kwa hiyo unajua baadhi ya maneno kabla hujaanza: kusini, mashariki, digrii, moja, thelathini na sita, dakika, nukta. Neno ninalolipenda kuliko yote ni dakika, kwa kuwa herufi zake tano za mwisho husomeka vilevile kutoka mbele na kutoka nyuma. Katika mfano wetu NMFDFM ina umbo hilohilo, nayo inatupa D, K na I kwa pamoja. Hata mfichaji akiondoa nafasi kati ya maneno na kuzibana herufi zote pamoja, ambapo mbinu ya miisho haifai kitu, bado unaweza kupitisha kidole kwenye mstari ukitafuta herufi tano za namna hiyo.

Baada ya dakika, FTRDKD imebaki k, mapengo mawili, kisha ini. Kusini inakaa vizuri, nasi tunapata U na S. Neno la nukta linajaa, RDSM inakuwa sita, RMZM inakuwa saba, SMST inakuwa tatu. FTJD ni kumi, NDBQDD ni digrii, JLEM ni moja. Ujumbe wote unasema: kusini digrii moja dakika kumi na nne nukta sita saba tatu.

Usiweke penseli chini bado. Andika alfabeti ya kawaida kwa mstari, na chini yake herufi ulizozipata: chini ya A ni M, chini ya B ni Z, C bado, D ni N, E ni G, F bado, G ni B, H bado, kisha I, J na K zina D, E na F zikifuatana. Mfuatano huo wa kialfabeti unaonyesha kwamba mfichaji ametumia neno la ufunguo: ameliandika mwanzoni, kisha akajaza herufi zilizobaki kwa utaratibu wake. M, Z, pengo, N, G, pengo: ni mzinga, ule wa nyuki. Sasa unao ufunguo mzima, na ujumbe wa longitudo ukija kwa ufunguo uleule utausoma bila kukisia. Tena wafichaji huchagua neno la ufunguo kwa makusudi mara nyingi, hivyo ukifika mahali penyewe anza kwa kutazama kilichoning'inia mtini.

Katika ujumbe mrefu zaidi utasaidiwa na C, ambayo katika Kiswahili sanifu haisimami bila H nyuma yake. Majina ya mahali ndiyo huvunja kanuni ya miisho, maana Karen na Westlands hayaishii kwa irabu. Ngong nalo haliishii kwa irabu, ila hujisaliti lenyewe kwa kurudia herufi zake mbili za kwanza mwishoni.

Namba zenyewe zinahitaji uangalifu kuliko maneno mengine yote. Tatu na nane zina umbo moja, na huzitenganisha kwa irabu ya mwisho. Hatari kubwa ni sita na tisa, ambazo zina herufi zilezile; ukibadilishana S na T kwa bahati mbaya, kila moja inageuka kuwa nyenzake na bado inasomeka kama namba halali. Dakika moja ya latitudo ni karibu mita 1,850, kwa hiyo sita badala ya tisa mara tu baada ya nukta inakupeleka zaidi ya mita 550 kutoka kwenye kasha, umbali mkubwa mno ndani ya msitu. Thibitisha S na T kwa neno jingine lisilokuwa na pacha: saba haiwezi kuwa taba, na kusini haiwezi kuwa kutini.

Mwisho linganisha jibu lako na alama ya uongo iliyo kwenye ramani. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, dakika ya longitudo ina urefu unaokaribiana sana na ule wa dakika ya latitudo, hivyo kwa upande wowote tofauti isizidi sana dakika moja na nusu. Ikizidi hapo, rudi kwenye namba kwanza, kabla ya kutilia shaka ufunguo wote.