Bakewell hakuna treni, mkuu! Kabla ya yote tafuta basi la kurudi

Futa hiyo ratiba. Usiku huu, kabla hujalala.

Umeandika hivi: Jumatatu ya mwisho ya Agosti, wewe, bi mkubwa (mama yako) na watoto wawili, treni ya asubuhi London hadi Sheffield, "halafu treni hadi Bakewell", ule mji mdogo wa Derbyshire, England. Hapo soko, majumba ya kale ya Haddon Hall na Chatsworth, kijiji cha Eyam, na jioni "treni Bakewell hadi Chesterfield" kuwahi ya London ambayo tiketi zake za Advance (zile za kununua mapema) umeshalipia. Kisha unauliza kama Chatsworth inastahili kiingilio chake, kama pudding ya Bakewell, kile kitamutamu cha mji huo, inafaa kwa Waislamu, bi mkubwa avae nini, na mtandao wa simu ukoje huko.

Waliotangulia kukujibu wamekuwekea picha za maua na vikopakopa. Hakuna hata mmoja aliyekuambia kwamba Bakewell hakuna treni.

Hakuna, mkuu. Stesheni ya Bakewell ilifungwa kwa abiria mwaka 1967. Mwaka wa Azimio la Arusha! Mwaka uliofuata njia yenyewe ikafungwa, kisha reli zikang'olewa. Kama umeona alama ya stesheni kwenye ramani, au mtu amekuapia kwamba ipo, nakuelewa vizuri sana, maana jengo lipo kweli. La mawe, zuri, lina nembo ya Duke wa Rutland, kabaila mkubwa wa huko, ukutani, na jukwaa la kusubiria abiria bado unaliona. Kilichokosekana ni kitu kidogo tu kinachoitwa reli.

Ninalijua hilo jukwaa kwa sababu nimesimama juu yake na mabegi, mke, watoto na tiketi nne za London mfukoni.

Kuna kaka mmoja, simtaji, wa ule ukoo wa "mimi nipo Uingereza tangu nyie mnasoma chekechea". Unawajua hao. Ukiwauliza swali hawawezi kusema hawajui, itawashushia cheo kwenye kikundi cha WhatsApp. Nilimwuliza kwa maandishi kabisa, tukitaka kutoka Bakewell kwenda Chesterfield jioni tunapanda nini? Akanijibu kwa voice note, kwa sauti ya mtaalamu: stesheni ipo pale juu ya mji, dakika kumi kwa mguu, treni zinapita kila saa, yeye mwenyewe ameshuka pale mara nyingi. Ameshuka pale! Baadaye nilikuja kugundua kwamba Uingereza anayoijua inaanzia Barking, kitongoji cha London, na kuishia Barking.

Asubuhi ile rafiki yetu wa Sheffield alitushusha Bakewell kwa gari akaenda zake kazini. Huyo angeweza kuniambia ukweli, maana anaishi jirani, ila sikumwuliza. Ningemwuliza ya nini wakati nilishajibiwa na mtaalamu?

Siku ilikwenda vizuri mno, na hapo ndipo penye hatari. Tukazunguka, tukala, watoto wakatazama bata na samaki mtoni pale kwenye daraja la zamani, sote tumelegea. Kwenye saa kumi na moja jioni nikawaambia twendeni stesheni tukasubiri kistaarabu. Mkuu, hicho kilima! Stesheni ipo juu ya mji kweli, hapo kaka hakudanganya. Ila dakika kumi zake ni za mtu asiye na begi, asiye na mtoto anayetaka kubebwa na asiyekula pudding muda si mrefu. Tulipokuwa tunapanda, nilimwona dereva wa basi la Sheffield kule chini anazungusha usukani kuondoka. Nikawaonea huruma watu wa mabasi. Sisi tunakwenda kupanda treni bwana.

Tukafika juu. Jukwaa. Jengo. Pale ambapo reli zingekuwa, barabara laini ya waenda kwa miguu, na watu wanapita na baiskeli na mbwa. Nikadhani tumefika upande wa nyuma, nikazunguka jengo lote. Nikarudi. Mzee mmoja mwenye baiskeli akaniona nimeduwaa na mabegi, akauliza natafuta nini. Nikamwambia treni ya Chesterfield. Akanitazama, akatazama watoto, akasema kwa upole kabisa kwamba nimechelewa kidogo, miaka hamsini na ushee.

Mke wangu hakusema neno. Aliyeoa ataelewa uzito wa sentensi hiyo.

Baadaye nilisoma historia yake na ikanikera zaidi. Njia hiyo ilifika Bakewell mwaka 1862, na Duke wa Rutland wa enzi hizo hakutaka treni zionekane kutoka kwenye jumba lake la Haddon Hall, ikabidi zipitishwe handakini. Yaani treni ya Bakewell ilianza kufichwa tangu ikiwepo. Mimi nikaja kuitafuta ikiwa haipo.

Sasa sikiliza hesabu, maana kosa lenyewe si kile kilima. Kilima ni jasho tu. Basi la Sheffield limeondoka, na jioni mabasi ya vijijini hupungua, lijalo lilikuwa mbali sana kwa treni yetu. Huko hakuna boda, hakuna bajaji, na teksi haipiti barabarani ukaisimamisha kwa mkono. Unapiga simu, unaambiwa subiri, gari linatoka mji mwingine. Tukasubiri. Bakewell hadi Chesterfield ni kama kilomita 20 tu, lakini nililipa zaidi ya pauni 50. Basi lingenitoza ngapi? Tangu Januari 2025 nauli ya safari moja kwa mabasi mengi ya England imewekewa kikomo cha pauni 3. Tatu!

Tukafika Chesterfield, treni yetu imeshapita.

Na hapa ndipo wengi hawajui, nawe inaonekana hujui. Tiketi ya Advance ni ya treni ile ile uliyoandikiwa, ya saa ile ile. Ikiondoka bila wewe, umebaki na karatasi. Kama ni treni ya kwanza iliyochelewa ukakosa ya pili, hapo wanakubeba kwenye inayofuata, kwa sababu kosa ni la kwao. Basi au teksi ikikuchelewesha, shauri yako. Mhudumu alikuwa na adabu sana, akanieleza mara mbili, na kila mara jibu lilikuwa lile lile. Nikanunua tiketi mpya za watu wanne papo hapo, kwa bei ya papo hapo. Pauni 200 na ushee. Nilipopiga hesabu ya shilingi ndani ya behewa nikaacha katikati, kwa ajili ya afya yangu.

Nilimtumia yule kaka picha ya jukwaa lisilo na reli. Akanijibu kwa emoji ya kucheka na neno "pole, watakuwa wameifunga". Watakuwa wameifunga! Kabla hajazaliwa!

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na nitairudia hadi mods wanipige ban: ratiba ya kijijini England inapangwa kuanzia mwisho. Unaanza na kurudi. Usifungue ukurasa wa Chatsworth, usiangalie kiingilio cha chochote, mpaka ujue basi la mwisho la kurudi siku hiyo linaondoka saa ngapi na kituo gani. Ukishalijua, hilo la mwisho si lako. Lako ni lile linalolitangulia. La mwisho ni akiba, kwa sababu mtoto ataomba choo, na bi mkubwa atakutana na kitambaa kizuri sokoni. Kutoka hapo rudi nyuma: saa hii tuwe kituoni, saa hii tutoke Chatsworth, saa hii tuwe tumeshakula. Kinachobaki ndiyo siku yako. Utashangaa ilivyo fupi.

Sasa itie kwenye ratiba yako. Jumatatu ya mwisho ya Agosti ni sikukuu ya kitaifa England. Maana yake mabasi mengi hufuata ratiba ya Jumapili, na ratiba ya Jumapili huwa na mapengo. Barabara za Bakewell siku hiyo hujaa magari ya watu wote waliopata wazo kama lako, kwa hiyo hata basi lililopo linatambaa. Sikukuu kama hizo pia ndizo mafundi wa reli hupenda kufungia njia kwa matengenezo. Umechagua siku mbaya kuliko zote, halafu ukanunua Advance. Mkuu, mimi angalau nilidanganywa siku ya kazi.

Soko ni kila Jumatatu, kwa hiyo sogeza wiki moja tu, soko litakuwepo. Tiketi za Advance hazirudishiwi pesa, lakini kabla treni haijaondoka unaweza kubadilisha siku au saa kwa kulipa ada na tofauti ya nauli. Itauma, lakini si kama 200. Kama hutaki presha kabisa, safari ya kurudi chukua Off-Peak, inakuruhusu kupanda treni yoyote ya saa zisizo na msongamano siku hiyo. Ni ghali kidogo. Ndiyo bei ya kulala usingizi.

Kufika Bakewell kutoka Sheffield ni basi namba 218, linapita Chatsworth. Ukitokea Derby, kuna basi la Transpeak linalopita Matlock. Ratiba hubadilika kwa msimu, iangalie mwenyewe kwa tarehe yako. Usimwulize mtu wa Barking.

Chatsworth? Inastahili, ila ni ya siku nzima, si ya kupachikwa katikati ya soko na Eyam. Tiketi ya bustani peke yake ni rahisi kuliko ya nyumba na bustani, na kutembea kwenye viwanja vya nje hakuna kiingilio. Watoto watapenda kule kwenye mifugo, nako kuna malipo. Lile bomba la maji linaloruka juu, Emperor Fountain, lilijengwa mwaka 1844 kwa ajili ya mfalme wa Urusi aliyetarajiwa kuja kutembea. Walichimba ziwa zima mlimani ili maji yashuke kwa uzito wake yenyewe. Mgeni hakuja. Nikisoma hiyo huwa najisikia nafuu, kuna watu walipangiwa ratiba mbovu kuliko yangu. Ukiwa na muda, pale Edensor, kijiji cha ndani ya shamba lile, kuna kaburi la Kathleen, dada yake Rais Kennedy, aliyeolewa na ukoo wa Chatsworth akafa kwa ajali ya ndege mwaka 1948. Kennedy mwenyewe alikuja kuzuru kaburi mwaka 1963, miezi michache kabla ya kuuawa. Bi mkubwa wa rika lile Kennedy anamkumbuka, mpeleke.

Haddon Hall siku hiyo hiyo, hapana. Chagua jumba moja. Eyam toa kabisa. Si kwamba haina maana, ni kijiji kilichojiwekea karantini mwaka 1666 baada ya tauni kuingia, wakawa wanaacha sarafu ndani ya siki mpakani ili wapewe chakula bila kugusana. Inastahili utulivu. Lakini ni basi jingine, na kila basi la ziada ni nafasi nyingine ya kuachwa.

Pudding haina nyama, ni jamu, mayai, sukari na lozi juu ya unga wa tabaka tabaka. Muulize muuzaji ametumia siagi au mafuta ya mnyama kwenye ule unga, atakujibu. Mwenye mzio wa lozi asiguse.

Na ile stesheni, ukitaka, nenda kaione. Njia ya zamani ya treni sasa inaitwa Monsal Trail, kama kilomita 14, tambarare, inapita kwenye mahandaki yaliyofunguliwa tena mwaka 2011, na baiskeli zinakodishwa kwenye stesheni ya zamani ya Hassop. Watoto watafurahi kuliko majumba yote ya madukes. Nenda mikono mitupu lakini, usipande kile kilima na mabegi.

Haya, usinijibu "asante mkuu". Nijibu kwa mstari mmoja: basi lako la kurudi ni la saa ngapi, na lile la baada yake ni la saa ngapi. Ukishindwa kuandika hizo saa mbili, usinunue hata tiketi ya choo.