Neno "set" halikaririki

Nafundisha watu wazima Kiingereza jioni hapa Kisumu, na neno linalowatoa jasho si yale marefu ya mahakamani. Ni "set". Toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, lililotoka 1989 kwa juzuu 20, lililipa maana zaidi ya 400. Baadaye "run" ikalipiku: mwaka 2011 iliripotiwa kwamba maana zake kama kitenzi zimefika 645. Ukianza kuzikariri utazeeka nazo.

Usiandike "set" pekee daftarini. Iandike pamoja na jirani yake, na pembeni uweke kitenzi ambacho wewe mwenyewe ungetumia hapo. Saruji huwa imeshika. Jua limetua. Mtihani umetungwa, meza imeandaliwa. Alamu na mtego, vyote viwili hutegwa, Kiingereza na Kiswahili vikipatana kwa mara moja. Ukienda saluni Kondele wanakuseti nywele kwa rola, na hapo Kiswahili chetu kimeshanyoosha mikono.

Anayelalamika kwamba Waingereza wana fujo namuuliza kuhusu "piga". Tunapiga simu, pasi, picha, deki, magoti na hodi, na hakuna aliyewahi kutupa orodha.

Shida yenyewe iko kwenye "set up". Mama mmoja anayeuza omena Kibuye alikuja darasani na ujumbe wa mwanawe: "Uncle set me up in business." Alikuwa ameshaanza kumkasirikia mjomba mtu, kwa sababu kwenye filamu alizoea kusikia "he set me up" mtu akitegewa polisi. Kumbe mjomba amemfungulia kijana duka! Kwa hiyo soma hadi mwisho wa sentensi. Ikitaja mtu kisha ikaishia kwenye "up", bila kitu kingine, mara nyingi ametegewa. Ikifuata "in business", amewezeshwa. Na "set up a shop" ni kuanzisha tu, hakuna aliyeumia.

"Set off" ni kufunga safari, "set aside" ni kuweka kando, na hizo hazisumbui sana.

Wakati uliopita nao hauligusi neno hili. "He sets" ni mazoea, "he set" limeshafanyika, ile "s" ndiyo inayokuamulia. Lakini "they set" haina alama yoyote, kwa hiyo tafuta "yesterday" au "every day" iliyo karibu kabla hujajibu swali la mtihani.