Anga za juu hazina mwenyewe, leseni ya dishi ni ya nini?

SWALI

Shikamoo Mhandisi. Nina duka la steshenari Itumba, wilayani Ileje, ambako huwasaidia wanafunzi kuomba mikopo ya elimu ya juu na vijana kutuma maombi ya ajira. Mtandao wa simu huku unasuasua, hasa nyakati za mvua. Binamu yangu aliyeko Nakonde, upande wa Zambia, ana dishi la intaneti ya setilaiti lililosajiliwa huko kwa jina lake, na yuko tayari kuniuzia. Rafiki yangu mmoja msomi anasema kwamba anga za juu si mali ya nchi yoyote, Katiba inanipa haki ya kupokea habari bila kujali mipaka, na bati ni langu, hivyo hakuna wa kunidai leseni. Anaongeza kwamba mawasiliano yakipitia setilaiti hakuna atakayechungulia mambo ya wateja wangu. Je, ni kweli?

Mwenye steshenari, Itumba

JIBU

Marahaba, ndugu yangu. Nianze kwa kukiri upande wangu, usije ukadhani ninakujibu kwa niaba ya mamlaka. Miaka ya kupanda minara ya Nyanda za Juu Kusini imenijengea imani kwamba mtu mzima anayejilipia umeme wake na kukaa chini ya bati lake anastahili kuachwa afanye apendavyo mradi hamdhuru jirani, na kwamba anayetaka kumzuia ndiye mwenye wajibu wa kutoa sababu. Ningefurahi kukuambia kwamba rafiki yako amepatia. Bahati mbaya amekosea, na kosa lake la kwanza ni la kiufundi, kabla hata hatujafungua kitabu cha sheria.

Ungo wa televisheni unaouona kila nyumba pale Mwanjelwa, hapa Mbeya, hupokea tu. Uutegeshe vizuri au vibaya, hakuna jirani atakayejua, maana hautoi wimbi lolote. Dishi la binamu yako ni kitu kingine kabisa. Linapokea mawimbi yanayoshuka kwenye masafa ya kati ya gigahezi 10.7 na 12.7, kisha linajibu kwa kurusha ya kwake, kati ya gigahezi 14 na 14.5, kwenda kwa setilaiti inayopita kilomita 550 hivi juu yako. Yaani ukishaliwasha, steshenari yako imekuwa kituo cha kurusha mawimbi ya redio. Hoja zote za rafiki yako zinahusu kupokea. Leseni inayoulizwa inahusu kurusha.

Kwa nini kurusha kuwe na masharti? Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye mji mdogo wa soko ambako simu zilikuwa zinakatika kila jioni kuanzia saa kumi na mbili. Wananchi walikuwa wameshaamua kwamba kampuni ya simu inawaibia, na sisi mafundi tulikuwa tumeshabadilisha nusu ya vifaa vya mnara bila mafanikio. Nilitembea na antena ya mkononi na kipimo cha masafa, nikapita nyuma ya machinjio, nikafika kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa na kikuza mawimbi cha bei rahisi, antena yake imefungwa kwa mpira wa baiskeli kwenye mti wa mlingoti. Antena ya ndani na ya nje zilikuwa karibu mno, kifaa kikawa kinajisikia chenyewe na kupiga kelele kwenye masafa ya mnara mzima. Mwenye nyumba alikiwasha jioni, wageni wanapoanza kuingia. Tulipochomoa waya ukutani, simu ya mhudumu wa mapokezi ilianza kuita palepale. Yule mzee hakuwa na nia mbaya hata kidogo; alilipa fedha yake, akakaa kwenye mali yake, na akawanyima mawasiliano watu ambao hakuwahi kuonana nao.

Hapo ndipo ninapoikubali leseni bila kinyongo. Wimbi haliheshimu ukuta wala mto. Wewe wa Ileje unajua kwamba ukishuka kuelekea Mto Songwe simu huanza kukukaribisha Malawi kabla hujavuka. Ndiyo maana Kanuni za Redio za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, katika ibara ya 18, zinasema kwamba mtu binafsi au kampuni haiwezi kuanzisha wala kuendesha kituo cha kurusha bila leseni ya serikali ya nchi ambayo kituo kinawajibika kwake. Mkutano wa dunia wa redio uliofanyika Sharm el-Sheikh mwaka 2019 ulilirudia jambo hilo mahsusi kwa vituo vya ardhini vinavyowasiliana na setilaiti, kwamba ruhusa inayohitajika ni ya nchi ambayo kifaa kimekaa. Ruhusa ya Zambia, kwa hiyo, inaishia Nakonde. Kwetu sheria inayotumika ni ile ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, ambayo chini yake Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, hutoa leseni za masafa na kuidhinisha aina za vifaa vinavyoingia nchini.

Sasa twende juu kwenyewe. Rafiki yako anaurejea Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967, na ni kweli kwamba ibara ya 2 inakataza nchi yoyote kujimilikisha anga za juu, Mwezi au sayari kwa madai ya mamlaka, kwa kutumia wala kwa kukalia. Lakini asiishie ibara ya 2. Ibara ya 6 inaibebesha kila nchi dhamana ya shughuli za raia na kampuni zake huko juu, na kuitaka izipe idhini na kuzisimamia muda wote. Mkataba uliandikwa na serikali zilizokuwa zikitazamana kwa mashaka wakati wa Vita Baridi, na uhuru walioutamka ulikuwa uhuru wa mataifa. Wewe na mimi tumo humo kama watu wa kuombewa ruhusa. Tena mkataba unahusu setilaiti. Dishi liko Itumba, na Itumba ina mwenyewe.

Nikiri kwamba wapo waliojaribu kulifanya hata anga kuwa shamba la serikali. Desemba 1976 nchi nane za ikweta, wakiwamo majirani zetu Kenya na Uganda, zilitoa Azimio la Bogotá zikidai kwamba sehemu ya njia ya setilaiti iliyo juu yao, kilomita 35,786 kutoka ikweta, ni mali yao. Dunia haikulikubali dai hilo, nami naona ilifanya vyema, kwa maana, ukiiacha Indonesia, hakuna hata moja kati ya nchi hizo iliyokuwa imepeleka jasho lake kule. Hata hivyo malalamiko yao yalikuwa na msingi: utaratibu wa aliyetangulia ndiye apate nafasi uliwafaa wenye roketi. Upande wa pili, Marekani mwaka 2015 na Luxembourg mwaka 2017 zilitunga sheria zinazotambua kwamba kampuni ikichimba madini kwenye kimondo kinachozunguka huko juu, madini yaliyochimbwa ni yake ingawa kimondo si chake. Wapo wanasheria wanaoziona sheria hizo kuwa ujanja wa kuukwepa mkataba. Mimi nimekulia karibu na Matema na sioni ugeni wowote ndani yake. Mvuvi hamiliki Ziwa Nyasa, ziwa ambalo hata nchi mbili hazijamaliza kugombania mpaka wake, lakini mbasa aliyemo ndani ya mtumbwi ni wa mvuvi, na atakayemgusa ataulizwa.

Nimekubali leseni kwa sababu ya muingiliano wa mawimbi. Sababu hiyo ina kimo chake, na masharti mengine yanayoingizwa kwa mlango huohuo hayana budi kujitetea yenyewe. Mwaka 1959 mchumi Ronald Coase, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel, alihoji kwa nini masafa yagawiwe na ofisa kwa hiari yake badala ya kuuzwa kama mali nyingine, haki ikishajulikana ni ya nani. Wakati huo alionekana wa ajabu, lakini leo minada ya masafa ni jambo la kawaida, na TCRA yenyewe iliuza masafa kwa mnada Oktoba 2022. Mfano unaonigusa zaidi ni wa mwaka 1985, pale mdhibiti wa Marekani alipofungua vipande fulani vya masafa, kikiwamo kile cha gigahezi 2.4, vitumiwe bila leseni ya mtu mmojammoja ili mradi nguvu ya kurusha isivuke kiwango. Vilikuwa vipande vilivyodharauliwa, vyenye kelele za majiko ya mikrowevu, na humo ndimo ilimozaliwa Wi-Fi unayotumia dukani kwako bila kumwandikia mtu barua. Kwa dishi dogo lenye viwango vilivyopimwa, ningependa kuona njia hiyohiyo: aina ya kifaa ikaguliwe mara moja, kisha mnunuzi aachwe na maisha yake. Mamlaka inapouliza kifaa kinarusha kwa nguvu gani, inafanya kazi yake. Ilipotangaza Oktoba 2023 kwamba watumiaji wa VPN, huduma inayoficha njia ya mtumiaji mtandaoni, wajitambulishe kwake kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, hakukuwa na wimbi lolote lililomsumbua jirani. Hapo aliyetakiwa kupimwa alikuwa mtu mwenyewe.

Hoja ya Katiba ninaiheshimu. Ibara ya 18 inakupa haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka ya nchi, pamoja na uhuru wa kutoingiliwa katika mawasiliano yako, na ibara ya 16 inalinda faragha yako. Ibara ya 30 nayo inaruhusu sheria kuziwekea haki hizo mipaka kwa maslahi ya umma na haki za wengine. Kama mtu atataka kupima mahakamani iwapo mpaka fulani umezidi, ni haki yake, lakini asipime kwa dishi la magendo, kwa sababu mahakamani atajikuta anajibu swali la forodha badala ya swali la uhuru.

Kuna jambo ambalo wapenda uhuru wenzangu hulipita haraka mno. Dishi la aina hiyo lina kipokezi cha GPS ndani yake, kwa kuwa bila kujua liko wapi haliwezi kujua setilaiti ipi inapita na ielekezwe wapi. Hivyo kampuni inajua kwamba kifaa cha Nakonde kimelala Itumba tangu usiku wa kwanza. Mwaka 2024 Starlink, kampuni inayotoa intaneti kwa madishi ya aina hiyo, iliwaarifu wateja waliokuwa wakitumia vifaa kwa muda mrefu nje ya nchi walikosajiliwa kwamba huduma yao ingekatwa. Ukikatiwa, mkataba ni wa binamu yako, nawe huna hata karatasi ya kulalamikia. Utakuwa umemkimbia msimamizi wa Dar es Salaam na kuangukia kwa mwingine asiyepokea simu yako.

Kuhusu siri za wateja, rafiki yako amechanganya njia na bahasha. Ujumbe wa mteja wako hulindwa na usimbaji unaofanyika kati ya kompyuta yako na tovuti anayoitembelea, ule wa alama ya kufuli kwenye kivinjari, na ulinzi huo ni uleule upitie mnara wa simu, waya au setilaiti. Tena setilaiti hushusha mawasiliano kwenye kituo cha ardhini, kilichopo katika nchi fulani yenye sheria zake.

Nikigeukia mezani kwako, ninakisia, kwa kuwa nimeingia steshenari nyingi, kwamba kwenye kompyuta yako lipo folda lenye namba za NIDA, vyeti vya kuzaliwa na nywila za watu walioomba mikopo mwaka juzi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na asizihifadhi kupita haja aliyozichukulia. Hii ni moja ya sheria chache ambazo ningezitunga hata kama ningeachiwa nifute nyingine zote, kwa kuwa inamlinda binti aliyekuja kwako kuomba mkopo dhidi ya mimi na wewe. Kazi ya mteja ikiisha, mpe nakala zake, futa zako, na tupu pipa la taka la kompyuta.

Kwa tatizo lako la msingi, jaribu kwanza antena ya nje ya 4G yenye kuelekezwa, uifunge juu ya mlingoti ukitazama mnara, waya mfupi uingie kwenye ruta yenye laini yako. Usiichanganye na kile kikuza mawimbi cha nyumba ya wageni: ruta hurusha kwa nguvu inayoamriwa na mnara wenyewe, hivyo haimsumbui mtu. Zipo pia huduma za VSAT, yaani intaneti ya setilaiti kwa dishi lisilohama, za kampuni zenye leseni, zinazotumia setilaiti za mbali, ambapo swali na jibu husafiri karibu kilomita 143,000 na kuchelewa karibu nusu sekunde. Kwa kujaza fomu inavumilika, kwa kuongea kwa video inachosha.

Kama bado unalitaka dishi, andika barua kwa ofisi ya TCRA ya kanda hapa Mbeya, uulize mambo mawili tu: iwapo aina hiyo ya kifaa imeidhinishwa nchini, na iwapo mtoa huduma wake ana leseni ya kuhudumia Tanzania. Taja jina na namba ya aina iliyoandikwa nyuma ya kifaa, baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na uombe jibu la maandishi. Hadi jibu lije, dishi libaki juu ya bati la binamu yako Nakonde, ambako lina usajili na linafanya kazi.