Gunia Lisilale Ukingoni

Mkazi wa Nairobi anayetaka kusafisha ufuo wa bahari hana haja ya kupanda basi la Malindi. Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, ukakatiza jiji na kuingia Athi. Athi huyo huyo huitwa Galana akipita Tsavo, kisha Sabaki akimwagika baharini kaskazini mwa Malindi. Chupa iliyookotwa Korogocho, mtaa wa Nairobi ulio kando ya mto huo, haitafika mchangani kule ikiwa imesagika vipande visivyookoteka.

Anza na gari, si glavu. Kinachoharibu usafi mwingi ni kujaza magunia 60, kupiga picha, kisha kuyaacha ukingoni kwa matumaini kwamba yatachukuliwa. Mvua moja tu, na taka zote zimerudi mtoni pamoja na magunia yenyewe. Kabla ya kutangaza siku, pata majibu kamili: lori ni la nani, linafika saa ngapi, linaweza kushuka hadi wapi, linaenda kumwaga wapi. Mweleze chifu, halafu kaa na kikundi cha vijana wa mtaa huo. Wao ndio wanaojua penye vioo na ukingo uliobomoka kwa chini.

Februari na Septemba ni miezi mizuri, kwa sababu masika na vuli huzoa kila kilicholala ukingoni. Fanyeni kazi saa mbili hadi saa tano asubuhi. Anga kuwa safi Korogocho hakutoshi: kama Kikuyu kulinyesha usiku, maji yanaweza kupanda ghafla. Ulizeni kwanza.

Watu 30 wape mita 150 za ukingo mmoja, wagawanyike watano watano: watatu waokote, mmoja ashike gunia, mmoja avute magunia na kuhesabu. Ukiwapa nusu kilomita wataokota zile chupa zinazong'aa tu, na matope yaliyojaa sacheti yatabaki vilevile.

Glavu ziwe nzito za mpira. Zile nyembamba za hospitali huchanika kwenye waya wa kwanza. Gambuti ni lazima, na mwenye kidonda wazi abaki juu kwenye kuchambua. Sindano ishikwe kwa koleo na itiwe kwenye mtungi mgumu wa lita 5 wenye kifuniko, kamwe si kwenye gunia. Wala mtu asishindilie gunia kwa mguu au mkono. Aliyechomwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni, kisha aende hospitali papo hapo: dawa za kuzuia VVU huanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake.

Nguo zilizozikwa matopeni ndizo huchosha watu. Unaona pindo la suruali, unavuta, halitoki. Ukilazimisha, linang'oka na bonge la ukingo. Kata kwa panga usawa wa udongo, uache mzizi wake.

Chambueni palepale juu ya turubai. Kungoja kesho ni kuchambua vitu vilivyooza. Tazama chini ya chupa: namba 1 ni chupa za maji na soda, namba 2 ni mitungi ya sabuni na mafuta, namba 5 ni ndoo na mikebe migumu. Fungua kifuniko, mwaga maji, kanyaga chupa. Zisizo na rangi, ambazo bei yake ni nzuri zaidi, zitenge na za kijani. Chupa tupu ya nusu lita ina gramu 10 hadi 20 hivi, kwa hiyo kilo moja inataka chupa 50 hadi 100. Msiahidi watu utajiri. Na fedha hizo, hata kama ni kidogo, ziachieni kikundi cha mtaa. Si haki mgeni wa Jumamosi kuondoka na riziki ya anayeokota kila siku.

Sacheti na nepi hazina mnunuzi. Sacheti ni tabaka za plastiki na foili zilizogandishwa pamoja, hazitenganishiki kirahisi. Hizo ndizo za lori, lakini zihesabuni na kuziandika daftarini kabla hazijapakiwa.

Rudini mahali palepale baada ya wiki 2 na lile daftari la hesabu. Kama nepi ndizo zilizotangulia kurudi, ploti, yaani nyumba za kupanga zilizo juu ya ukingo, hazina pa kutupa. Wafuateni wenye nyumba na wazoa taka wa mtaa, mkubaliane siku ya kuchukua na bei ya gunia, kabla ya kupanga usafi mwingine.